Nzohe Ana Faida Gani?



Kuna swali ambalo sisi vijana tunaliuliza karibu kila siku, kuhusu karibu kila kitu: "Hii ina faida gani?" Tunaliuliza kuhusu kozi ya chuo, kuhusu urafiki, kuhusu jumuiya ndogo ndogo, hata kuhusu Misa ikizidi saa moja na nusu. Ni swali la maana. Mtu asiyeuliza faida ataishia kupoteza pesa na muda wake. Lakini leo nataka tulibebe swali hili mpaka mahali ambapo linaanza kuchechemea, kwenye kinamasi kimoja kule Trans Nzoia.

Saiwa ni wapi?

Ukitoka Kitale ukishika barabara ya Kapenguria, hutaenda mbali sana kabla ya kufika upande wa Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp. Ilitengwa mwaka 1974. Ndiyo mbuga ya kitaifa ndogo kuliko zote Kenya: kilomita 2.9 za mraba, kama ekari 700 hivi. Tsavo Mashariki peke yake ina zaidi ya kilomita 13,000 za mraba. Yaani ukiichukua Saiwa ukaiweka ndani ya Tsavo, hata kuitafuta itakusumbua.

Na humo hakuna kuzunguka na gari. Gari linabaki langoni, unatembea kwa miguu yako. Kuna vijia vinavyopita chini ya miti ukingoni mwa kinamasi, kuna njia za mbao zilizoinuliwa juu ya maji na matope, na kuna minara ya mbao ya kupanda na kutazama. Usitegemee simba wala ndovu. Utakuta matete marefu kuliko wewe, pongo, fisi maji, na kima mwenye ndevu nyeupe anayekutazama kama mzee wa kanisa aliyekukuta ukipiga soga wakati wa mahubiri. Kuna pia korongo wenye taji, wale walio kwenye bendera ya Uganda.

Lakini mbuga hii ilitengwa hasa kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe. Wataalamu humwita sitatunga. Ni swala wa majini. Dume lina pembe zilizosokotwa na manyoya marefu ya kahawia, jike ni mwekundu kidogo. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, hivyo uzito wa mwili unasambaa na hazami kwenye tope. Mtoe nchi kavu, kwato hizohizo zinamfanya atembee kama mtu aliyevaa viatu vya kakake. Akiogopa hakimbilii kilimani. Anaingia majini polepole mpaka inabaki pua tu juu, anatulia hapo hadi hatari ipite. Kenya nzima anapatikana sehemu chache sana.

Sasa hebu mwambie mtu wa kawaida kwamba ekari 700 za Trans Nzoia, kaunti inayolisha nchi kwa mahindi, zimeachwa kwa ajili ya swala mwenye haya ambaye hata ukilipa kiingilio huna uhakika wa kumwona. Atakuuliza nini? Unajua atakuuliza nini.

Jibu la kwanza

Jibu la haraka ni kwamba kinamasi kina faida nyingi. Na ni kweli. Kinamasi ni kama sifongo: mvua ikinyesha kinanyonya maji, kiangazi kikija kinayaachia kidogo kidogo. Matete yake hukamata udongo unaoshuka na maji kutoka mashambani. Mto Saiwa unaelekea Nzoia, na Nzoia inamwaga Ziwa Victoria baada ya kupita Budalang'i, ambako mafuriko yamewahamisha watu mara nyingi mno. Kila kinamasi kinachokaushwa huku juu, maji yake yanawakimbilia watu wa kule chini kwa haraka zaidi. Ongeza watalii, ongeza ajira za askari wa wanyamapori na waongoza wageni. Faida ipo.

Ila jibu hili lina tatizo. Fikiria jembe. Jembe likivunjika hulii, unanunua lingine. Kitu tunachokithamini kwa kazi yake tu, tunakithamini mpaka siku kipatikane kingine kinachofanya kazi hiyo kwa bei nafuu. Kama thamani yote ya Saiwa ni kushika maji, basi siku mhandisi akileta bwawa la saruji linaloshika maji vizuri zaidi, nzohe hana la kujitetea. Na tena angalia: hoja yote ya sifongo ilikuwa ya kinamasi. Nzohe mwenyewe sikumtaja hata mara moja. Maji yangeendelea kutiririka hata kama nzohe wa mwisho angekufa leo usiku.

Kwa hiyo swali linabaki palepale. Je, mnyama huyu ni mwema kwa sababu ya kitu anachotupatia, au ni mwema kwanza, halafu faida ni mambo mengine?

Wanafalsafa wanasemaje?

Waliosoma falsafa watamkumbuka Aristotle. Katika kitabu chake cha *Siasa* anasema mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya binadamu. Basi, kesi imekwisha? Hapana. Mwanafalsafa huyohuyo aliwachunguza viumbe wa majini katika kisiwa cha Lesbos, kwenye ghuba ya Pyrrha yenye maji matulivu, akiangalia samaki na konokono ambao hakuna mtu sokoni angewapa bei. Katika maandishi yake kuhusu viungo vya wanyama anawatetea viumbe wanyonge wasiovutia macho. Anasimulia jinsi wageni walivyomkuta Heraclitus akiota moto jikoni wakasita mlangoni, naye akawaambia waingie bila wasiwasi, kwa kuwa hata hapo kuna kitu cha kimungu. Alipofikiria jinsi nyumba inavyopata riziki, Aristotle aliona matumizi. Alipoinama kuwatazama wanyama wenyewe, alishangaa. Nadhani mambo yote mawili ni ya kweli, lakini yanahitaji kupangwa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia kuyapanga. Naye anakubali kwamba binadamu anaruhusiwa kuwatumia wanyama kwa chakula na mahitaji yake, kwa hiyo msije mkasema seminari inawakataza nyama choma. Lakini katika sehemu ya kwanza ya *Summa*, swali la 47, anajiuliza jambo la ndani zaidi: kwa nini Mungu aliumba vitu vingi vya namna tofauti, badala ya kuumba kimoja kizuri kabisa? Jibu lake ni hili: wema wa Mungu ni mkubwa mno, hakuna kiumbe kimoja kinachoweza kuuonyesha wote. Kile ambacho kimoja kinashindwa kuonyesha, kingine kinakionyesha. Kwa hiyo ulimwengu mzima pamoja unamwakilisha Mungu vizuri kuliko kiumbe chochote peke yake.

Hebu lisome jibu hilo ukiwa juu ya mnara wa Saiwa. Simba anaonyesha kitu fulani cha Muumba wake. Nzohe, kwa upole wake na kwato zake za ajabu, anaonyesha kitu ambacho simba hawezi kukionyesha. Na mimi na wewe, pamoja na akili yetu na utashi wetu, hatuwezi kukionyesha pia. Akitoweka, kazi hiyo hakuna wa kuishika. Hayati Papa Fransisko alisema jambo la karibu na hilo katika *Laudato Si'* (2015), namba 33: aina za viumbe zinazotoweka kwa sababu yetu haziwezi tena kumtukuza Mungu kwa kuwepo kwao. Na Katekisimu, namba 339, inafundisha kwamba kila kiumbe kina wema wake na ukamilifu wake mwenyewe.

Maandiko yalishasema hivyo mapema. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo, wanyama wa majini na ndege waliumbwa siku ya tano, wale wa nchi kavu siku ya sita, na Mungu akaona kuwa ni vyema, yote hayo kabla hajamuumba mtu. Hakukuwa na mtu wa kuuliza faida. Na unajua baraka ya kwanza kabisa katika Biblia iliwaendea akina nani? Samaki na ndege. Angalia mstari wa 22.

Na mwenye njaa je?

Hapa lazima twende polepole, maana ni rahisi kuhubiri kuhusu swala ukiwa umeshiba. Jirani wa hifadhi ana watoto, ana robo ekari, na usiku anapiga hesabu ya karo. Tumbili hajui mpaka wa mbuga uko wapi, anavuka anakula mahindi ya mtu. Ukimwendea mama huyo na Thoma wa Akwino mkononi, ana haki ya kukuuliza kama Thoma atamlipia gunia lake.

Kanisa halimpuuzi mama huyo. Katekisimu, namba 2418, inakataza kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu. Hapohapo inasema kwamba haifai kuwatumia wanyama pesa ambazo kwanza zingepaswa kupunguza shida za watu. Binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na nzohe hajaumbwa hivyo. Mtoto akiwa na njaa na chaguo la kweli likiwa ni mtoto au swala, tunamchagua mtoto, hatuhitaji mkutano wa kamati.

Lakini tujiulize kwa uaminifu kama chaguo la kweli ndilo hilo. Sehemu kubwa ya kaunti imelimwa. Mashamba yanafika mpaka ukingoni mwa mbuga. Je, mtoto analala njaa kwa sababu ya ekari 700 zilizobaki na matete, au kwa sababu ya bei ya mbolea, ya dalali anayenunua mahindi kwa bei ya kutupa, ya ardhi kubwa iliyo mikononi mwa wachache? Mara nyingi "maskini anahitaji ardhi" husemwa na mtu ambaye ardhi hiyo ikigawanywa, maskini hatapata hata hatua tatu.

Halafu haki inadai kitu kimoja kutoka kwetu tunaopenda hifadhi. Kama nzohe ni wema wa wote, gharama yake isibebwe na mama wa robo ekari peke yake. Mazao yakiliwa, alipwe. Kazi zikitoka, vijana wa vijiji vya pale wafikiriwe kwanza. Wageni wakija, wanunue chakula na malazi kwa wenyeji. Kumpenda mnyama kwa gharama ya jirani maskini hakuwezi kuitwa upendo wa Kikristo.

Usipomwona

Kuna jambo lingine nataka tulifikirie. Nzohe huonekana zaidi alfajiri na jioni. Unaweza kuamka usiku, ukafika mapema, ukapanda mnara, ukakaa saa mbili kimya ukisikiliza korongo na mbu, na usimwone. Je, umepoteza asubuhi yako?

Kitabu cha Ayubu, sura ya 38 hadi 41, kina jibu la ajabu. Ayubu amepoteza kila kitu, anamdai Mungu maelezo. Mungu anapojibu, anampeleka Ayubu kama mtu anayetembezwa mbugani. Anamwonyesha mbuzi wa milimani wakizaa mahali asipoona mtu, punda mwitu anayecheka kelele za mji, na mvua inayonyeshea jangwa lisilo na mkazi hata mmoja. Kuelekea mwisho anamwonyesha mnyama mkubwa anayelala kwenye matete ya kinamasi, ambaye wengi humchukulia kuwa kiboko, na anamwambia Ayubu kwamba amemuumba huyo kama alivyomuumba yeye. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayemfaa Ayubu kwa lolote. Mvua ile ya jangwani haioteshi mahindi ya mtu. Mungu anafurahia kazi yake hata pale ambapo hakuna mtu wa kuiona wala kuipiga picha.

Kwa Ayubu, hilo linakuwa faraja. Kama Mungu anamtunza mbuzi asiyeonwa na mtu, basi mtu aliyekaa kwenye majivu, ambaye marafiki wamemgeuka, hajasahauliwa.

Tuna mazoezi mengine yanayofanana na kukaa juu ya mnara ule: saa moja ya kuabudu Ekaristi. Unapiga magoti, huoni kitu zaidi ya Hostia, husikii sauti, simu iko mfukoni inatetema. Nafsi inaanza kuuliza, "Kwani napata nini hapa?" Siku hizi tumezoeshwa mahubiri yanayotuambia kila sala ina malipo: toa hiki upate kile, funga siku tatu upate visa. Tukifika mbele za Mungu na swali la faida tu, tumemgeuza jembe. Mtakatifu Augustino alitofautisha vitu vya kutumia na kile cha kufurahia kwa ajili yake mwenyewe, na akasema anayestahili kufurahiwa hivyo kikamilifu ni Mungu. Mtu aliyewahi kukaa kimya akimsubiri swala bila kumdai kitu amepata somo la kwanza, dogo tu, la jinsi ya kukaa mbele za Mungu.

Na tazama kalenda: Siku ya Kimataifa ya Ardhi Oevu ni tarehe 2 Februari, kwa sababu mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo hayo ulipitishwa tarehe hiyo mwaka 1971. Kwetu siku hiyo ni sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Tunawakumbuka Simeoni na Ana, wazee wawili waliosubiri miaka mingi. Mtu wa hesabu angesema Ana alipoteza ujana na uzee wake hekaluni. Lakini siku Mtoto alipoletwa, yeye alikuwepo.

Na wewe una faida gani?

Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mmemaliza chuo na mko nyumbani. Umetuma barua za kazi mpaka umechoka. Jioni mjomba anapita, anauliza, "Kwa hivyo siku hizi unafanya nini?" na wewe unasikia swali lililo chini yake: unaleta nini hapa? Wengine mna nyanya aliyelala kitandani, hawezi tena kutaja jina lako. Wengine mna ndugu mwenye ulemavu ambaye majirani wanamwita mzigo. Msichana amepata mimba, na mtu anamshauri aiondoe kwa kuwa "saa hizi haitakufaidi."

Sisemi kwamba anayekausha kinamasi atamtupa nyanya yake. Wapo wanaolia kwa ajili ya mbwa na hawasalimii watu. Ninachosema ni kwamba kipimo ni kimoja, na kipimo kikishazoeleka mkononi hakichagui cha kupima. Tukijifunza kusema kwamba kisicho na faida hakina haki ya kuwepo, siku itafika tutawapima nacho wale ambao hawawezi kujitetea, na siku nyingine tutapimwa sisi.

Hii haina maana tukae tu. Mtume Paulo aliwaambia Wathesalonike wazi kuhusu watu wasiotaka kufanya kazi. Tafuta kazi, jifunze ujuzi, lima, uza. Lakini ufanye hivyo kama mtu ambaye Mungu alishamwona kuwa mwema kabla hajaleta mshahara wa kwanza nyumbani. Mjomba akikuuliza tena, mjibu kwa heshima, halafu ulale usingizi wako.

Kikundi chenu cha vijana kikipanga matembezi mwaka huu, fikirieni Saiwa, au kinamasi chochote kilicho karibu na parokia yenu. Fikeni mapema. Tembeeni polepole, msiwape kima chakula, msiache hata karatasi ya peremende. Jipeni nusu saa ya kukaa kimya kabisa, simu zimezimwa. Halafu mjadiliane maswali haya: Ni kiumbe gani au mtu gani nimezoea kumpima kwa faida tu? Nani anabeba gharama ya kitu kizuri ninachokifurahia? Mara ya mwisho kukaa mbele za Mungu bila kumwomba kitu ilikuwa lini?

Tusali: Ee Bwana, wewe uliyemwona mnyama wa kinamasi kuwa mwema kabla yetu, utupe macho yako. Uwakumbuke wanaolima kando ya hifadhi na wanaolala njaa. Uwafariji wote wanaoambiwa hawana faida. Utufundishe kukaa nawe bila kukudai. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.